Maziwa Wanagawa, Bomba Hawaweki

Saa nne asubuhi kengele inalia na mashine ya kuchanganya rangi inanyamaza. Wafanyakazi wanatoka kwenye banda la mabati na kujipanga mbele ya kidirisha cha stoo. Nyusi zao ni nyekundu. Masikio ni mekundu. Hata mate wanayotema pembeni ya ukuta yana wekundu. Mtunza stoo ananyoosha mkono, kila mtu anapewa paketi ya maziwa.

"Kunyweni, msafishe kifua," anasema, kama anavyosema kila siku.

Nyuma ya mstari amesimama mfagiaji, mwanamke mwembamba anayeitwa Mama Kitinda, kwa ajili ya binti yake wa mwisho. Mbele yake yuko mchanganyaji wa rangi. Nywele zake zimekuwa nyekundu utosini, ndiyo maana wanamwita Jogoo.

"Leo hujawika, Jogoo," Mama Kitinda anamtania.

"Nitawika na nini, dada? Koo limejaa."

Wanacheka. Wamezoea, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Hawakuzoea tu, walizoeshwa.

Kiwanda hiki kinatengeneza rangi ya kuzuia kutu, ile ya kwanza kupakwa kwenye mageti. Wekundu wake unatokana na unga wa risasi, madini yale yale mazito yaliyomo kwenye betri za magari, isipokuwa hapa yamechomwa na kusagwa mpaka yakawa laini kama poda. Ukiuvuta puani au ukiumeza na mate, unaingia kwenye damu na kujificha kwenye mifupa. Unashambulia tumbo na figo. Kwa mtoto unaharibu akili ikiwa bado inajengeka.

Hii si siri. Kila gunia lina picha ya mtu ambaye kifuani pamempasuka kitu kama nyota. Maandishi ya chini ni ya lugha ambayo hakuna mpakuaji wala mfagiaji anayeisoma, na hakuna bosi aliyewahi kuwaita awasomee.

"Mimi nilidhani ni nembo ya kampuni," anasema Jogoo. "Nikasema hawa watu wanapenda nyota."

Kazi ya Mama Kitinda ni kufagia unga unaomwagika magunia yanapofunguliwa. Anafagia pakavu. Wingu jekundu linapanda mpaka kwenye mabati, kisha linashuka taratibu juu ya kichwa chake. Pua ameifunga kitambaa, tena cha kwake mwenyewe.

Angenyunyiza maji kwanza, vumbi lingelala. Lakini maji yamekatazwa. Unga uliofagiwa unachekechwa na kurudishwa kwenye pipa, na ukilowa unaganda, haufai tena. Yaani pafu la mfagiaji liharibike, lakini unga wa kampuni usiharibike.

"Nilipokuwa mgeni niliwahi kunyunyiza," anasema. "Msimamizi alinijia mbio utadhani nimewasha moto. Akaniambia, 'Mama, hapa hatuoshi sakafu.'"

Maji hayo hayo hupatikana mkaguzi akitarajiwa. Na siku zote hutarajiwa, maana hupiga simu kwanza. Sakafu huoshwa mpaka ikang'aa. Kila mtu hupewa barakoa yenye chujio, ile inayobana pua na mdomo sawasawa. Mkaguzi hutembea, husifu, hunywa soda ofisini, huondoka. Gari lake halijafika hata barabarani, barakoa zimeshakusanywa na kurudi stoo. Kwa hiyo wakubwa wasituambie hawajui. Asiyejua haoshi sakafu kwa ajili ya mgeni.

Fagio la Mama Kitinda ni la kurithi. Kabla yake lilishikwa na mke wa mwandishi wa habari hii. Alianza kulalamika tumbo, ikaja presha, mwisho figo. Msibani kampuni ilileta katoni mbili za maziwa.

Maziwa yenyewe Mama Kitinda alikuwa hayanywi. Baba wa watoto aliondoka zamani, na mshahara wa kufagia hauioni wiki ya mwisho ya mwezi. Kila siku aliitia paketi kwenye mfuko wa ovaroli, akaendelea kufagia mpaka jioni, akarudi nayo kwenye chumba anachopanga na watoto wake. Kitinda, mwenye miaka sita, alimngoja mlangoni, akamrukia, akatumbukiza mkono mfukoni mwenyewe.

"Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu," anasema. "Mchana kutwa nakula vumbi, najiambia potelea mbali, mwanangu atakunywa."

Mwaka jana Kitinda alianza kuumwa tumbo. Akapewa dawa za minyoo, wapi. Akapauka, akawa mtoto wa kununa na kulia hovyo. Mwalimu akaleta maneno kwamba anasahau herufi alizokuwa anazijua.

Hospitali, muuguzi aliyekuwa akimtoa damu aliona wekundu kwenye upindo wa kitambaa cha mama. Akamuuliza anafanya kazi wapi. Kisha akamgeukia mtoto.

"Mama akitoka kazini anakuletea nini?"

"Maziwa," Kitinda akajibu, amejaa fahari.

"Unayafungua na nini?"

"Na meno. Mama anasema nina meno ya panya."

Mama Kitinda anasimulia hili akitazama mikono yake. "Muuguzi hakunigombeza. Bora angenigombeza."

Damu ya mtoto ilikutwa na risasi nyingi. Daktari akamweleza kwamba maziwa hayaiondoi risasi mwilini, si kwa mtoto, si kwa mtu mzima. Dawa ya kwanza ni kuzuia nyingine isiingie. Ikizuiwa, ile ya kwenye damu itapungua. Kuhusu zile herufi, daktari hakuahidi kitu.

Jana Mama Kitinda alimwendea msimamizi. Hakudai fidia. Aliomba bomba, bafu na mahali pa kubadilishia nguo, ili unga wa kazini ubaki kazini. Msimamizi alimsikiliza, akasikitika kabisa, akatikisa kichwa. Halafu akampigia simu mtunza stoo, kwamba kuanzia kesho huyu mama apewe paketi mbili.

"Mbili," anarudia Mama Kitinda. "Nilikwenda kumwambia hayo maziwa ndiyo yaliyombebea mwanangu sumu, akaniongeza."

Leo ndiyo hiyo kesho. Zamu yake inafika kidirishani, paketi mbili zinasukumwa mbele yake. Anazirudisha.

"Nini tena, mama?" anauliza mtunza stoo.

"Sizitaki."

"Lakini ni za bure."

"Kwangu hazikuwa za bure."

Jogoo, aliyekwisha kuanza kuondoka, anageuka na kuiweka ya kwake juu ya zile mbili.

"Sasa mimi nizipeleke wapi?" anauliza mtunza stoo.

"Mpelekee meneja," anasema Jogoo. "Na yeye ana kifua."

Wengine wawili wanarudisha. Waliobaki wanakunywa wakiangalia chini, maana wametoka nyumbani bila kutia kitu tumboni, na nani atawalaumu. Msimamizi anachungulia mlangoni, anatazama paketi zilizolundikana.

"Kuna watu wamelala pale getini wanaitaka hii kazi," anasema.

Ni kweli, wapo. Mama Kitinda anaokota fagio.

Jioni, nyuma ya ukuta wa kiwanda, mwenzake anamshikia shuka huku yeye akijimwagia maji ya dumu aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Ovaroli anaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Ni kuoga kwa haraka, nusunusu, na sabuni haijaisha nyweleni. Akifika nyumbani, Kitinda anatoka mbio.

"Simama hapo hapo."

Mtoto anasimama, mikono imenyooka mbele. Mama anapita pembeni kwenda kuoga tena, na kumkumbatia kunangoja.

"Mwanzo alidhani nimemkasirikia," anasema baadaye, akiwa amempakata. "Nataka bafu pale kazini, basi. Nitoke kama nilivyoingia, mwanangu anirukie. Maziwa nitamnunulia mwenyewe, hata kama ni ya kikombe kimoja."

Na wakikataa? Hilo ameshalipanga na Jogoo. Siku mkaguzi akija, wao wawili hawatavaa barakoa za maonyesho. Gunia litafunguliwa kama linavyofunguliwa siku zote, na yeye atafagia.

"Nitafagia pakavu, mbele ya viatu vyake," anasema Mama Kitinda. "Akikohoa, wampe zile paketi zangu mbili."