Mwani Mweusi na Majoho ya Ubatizo

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, kwa sababu niliambiwa kazi ni ya hotelini. Mkuu wa usafi, mama mmoja mnene mwenye funguo kiunoni, aliniangalia miguu akaniambia nivue. Nikajua ndiyo nimefukuzwa. Kumbe ananipeleka nyuma ya jengo, kwenye bwawa la kuogelea, na pale hakuna anayefanya kazi na viatu. Maji niliyoyajua mimi ni ya kisima cha kwetu Sigino, ya ziwa, na ya ndoo. Haya yalikuwa ya buluu kama sare za shule. Nikauliza wametia nini. Mkuu wa usafi akacheka mpaka funguo zikalia, akasema buluu ni ya vigae, maji yenyewe hayana rangi.

Halafu nikapelekwa kwa Meneja. Alikuwa mtu wa Moshi, mrefu, anaongea taratibu kama anayesoma tangazo la msiba. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne, baada ya hapo baba aliona ng'ombe hawana wa kuwachunga. Akauliza kama naweza kufuata maelekezo bila kubishana. Nikamjibu, "Meneja, mimi naishi na mama mkwe." Akaandika jina langu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa bwawa, mpaka nilipostaafu, na kila mtoto wangu aliyesoma amesomeshwa na bwawa lile. Watu wa mjini hapa waliniita Mama Safari wa Maji.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mkuu, aliyekuwa anakuja na basi kutoka Arusha kukagua pampu. Alikuwa mkali lakini hafichi ujuzi. Aliniambia maji yakikaa bila kutembea yanaanza kufuga mwani, ule utelezi unaoota majini, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatembeza. Pampu inayavuta, inayapitisha kwenye chujio, yaani pipa kubwa lenye mchanga ndani, kisha inayarudisha bwawani. Mchanga ukijaa uchafu unayageuza maji yapite kinyumenyume, uchafu wote unatoka kwenye bomba la nje. Kazi ya pili ni dawa, ndiyo klorini, ya unga na ya vidonge. Ya tatu ni kupima. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha matone, rangi inabadilika, unailinganisha na zilizochorwa pembeni. Ukali wa maji ukikaa vibaya, unaweza kumwaga klorini gunia zima na isifanye kitu. Na asidi ya kurekebisha maji haichanganywi na klorini, wala haziwekwi kabati moja. Fundi Mkuu alimjua mtu aliyewahi kuzichanganya, na alinieleza mapafu yake yalivyokuwa. Sikuuliza mara ya pili.

Kazi ya nne ndiyo iliyokuwa yangu hasa: kusugua. Kila asubuhi kabla wageni hawajaamka, unaanza juu ukishuka chini, ukuta mmoja baada ya mwingine, na brashi yenye mpini mrefu. Vijana wa siku hizi wanasubiri waone uchafu ndiyo wasugue. Uchafu ukiuona umeshachelewa, umeshajenga.

Mwani wa kijani haukunisumbua kamwe. Huo unamwagia dawa jioni, asubuhi umekufa na kuwa vumbi. Mweusi ni mambo mengine. Nilipouona mara ya kwanza, nyuma ya ngazi ya chuma upande usiopata jua, nilidhani mgeni ameingia na lami kwenye nyayo. Vidoa vidogo kama mbegu za papai, kwenye saruji iliyo kati ya kigae na kigae. Nikasugua. Brashi ikateleza juu yake kama kwenye mgongo wa kambale. Nikamwaga dawa, vikafifia, nikafurahi. Baada ya muda vikarudi na ndugu zao.

Fundi Mkuu alipokuja alipiga magoti, akakwangua doa kwa ukucha, akanionyesha kidole. Kilikuwa na ute, kijani kilichoiva mpaka kuwa cheusi. Akasema huu una mizizi inayoingia ndani ya saruji, na juu umejifunika utando, ndiyo maana dawa inapita juu yake kama mvua juu ya bati. Sharti kwanza uuchane ule utando kwa brashi ya waya, ya chuma kisichoshika kutu. Kisha unachukua kidonge cha klorini, mkono ukiwa kwenye glavu nzito, unakisugua pale pale kwenye jeraha. Pampu isizimwe. Kesho unasugua tena, na keshokutwa, hata kama huoni kitu. Chujio unalisafisha, na brashi unailoweka kwenye dawa, maana brashi hiyo hiyo ndiyo inayobeba mbegu na kuzipanda ukuta wa pili.

Nilifanya yote. Magoti yangu yanajua. Madoa yalitoka, na yakarudi.

Hapo ndipo Alhaji alipoingia. Alhaji ndiye aliyekuwa mwenye hoteli, mfanyabiashara wa zamani wa hapa mjini, mpole, hapandishi sauti. Wageni wawili walikuwa wameona madoa wakaenda kulala kwingine. Alisimama ukingoni na kanzu yake ameikunja asilowe, akasema bwawa limeshamchosha, atalifukia, juu yake apande majani na kuweka meza za nyama choma. Meneja akamwomba nafasi moja ya mwisho. Alhaji akakubali, lakini wiki ile ile lori likaja likamwaga kifusi nje ya geti. Kila asubuhi nilikuwa nakipita. Mkuu wa usafi aliniambia kwa huruma kwamba jikoni na kufulia kumejaa, hakuna pa kunihamishia. Nilikuwa na Safari, mwanangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu na wadogo zake nyuma yake. Bwawa likifukiwa, na mimi nafukiwa.

Ni Meneja aliyegundua jambo. Alikuja siku moja akasimama karibu yangu nikiwa nasugua, akasema kwa ile sauti yake ya msiba, "Mama Safari, huu mwani unarudi kila wakishabatiza."

Na kweli. Kuna kanisa moja la hapa mjini lilikuwa linabatiza watu wazima kwa kuwazamisha, na lilikodi bwawa letu kwa kazi hiyo. Zamani walibatizia ziwani, lakini viboko wa ziwa letu hawaelewi ibada, na baada ya mmoja kutokea katikati ya wimbo, mchungaji aliamua waje hotelini. Alhaji hakuwa na neno, alisema maji ni ya Mungu. Sasa Meneja akataka kuwakataza kabisa. Nikamwambia asubiri. Tukampigia Fundi Mkuu simu, na yeye akauliza swali moja tu: hao watu wanaingia na nguo gani, na zinafuliwa wapi.

Hatukujua. Wanaingia na majoho meupe, hilo tuliliona. Yanakofuliwa hakuna aliyewahi kuuliza. Basi nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda Nangara, nyumbani kwa Bibi Martha, aliyekuwa anatunza majoho ya kanisa lile. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniletea kigoda na chai. Tuliongea mahindi, tukaongea wajukuu. Nilipouliza habari za majoho alifurahi, akanipeleka chumba cha nyuma kunionyesha. Yalikuwa kwenye mfuko wa salfeti, yamekunjwa vizuri, na yalikuwa mabichi. Nikafunua pindo la moja. Ndani ya mshono kulikuwa na mstari wa kijani, laini, unateleza. Nilikuwa naufahamu ule utelezi kuliko ninavyofahamu uso wa jirani yangu.

Bibi Martha alinieleza bila kuficha, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la heshima. Kila baada ya ubatizo anayachukua majoho anayapeleka ziwani, anayasuuza pale pale kanisa lao lilipoanzia, kwenye maji aliyobatiziwa yeye akiwa msichana. Sabuni hatii. Hayaaniki nje, kwa sababu joho la ubatizo si la kupeperuka kwenye kamba pamoja na suruali za watu. Mchungaji alipohamia hotelini, Bibi Martha alikuwa ameumia, akajiwekea mwenyewe kwamba walau nguo ziende ziwani, ili watu wasije kubatizwa kwa maji ya bomba matupu.

Nikamwambia ilivyo. Kwamba ziwani mwani una nafasi yake, una samaki na upepo, haumdhuru mtu. Ukiletwa kwenye bwawa dogo la saruji ndani ya pindo bichi, unashika ukuta.

Aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo unasema ziwa letu ni uchafu."

"Nasema ziwa likae ziwani, Bibi."

"Na majoho yangu ni uchafu."

"Majoho yako ni mabichi. Yatie kwenye maji ya moto na sabuni, uyaanike juani mpaka yakauke kau. Basi."

Akasema akiyachemsha atakuwa amelitoa ziwa ndani yake, na kitakachobaki ni shuka. Alisema kwa utulivu, na macho yake yalikuwa yamejaa. Niliwaza kifusi kule getini, nikawaza ada ya Safari, na pia niliona wazi kwamba mama huyu hang'ang'anii ujinga. Ana kitu kimoja kilichobaki cha ujana wake, na mimi nimekuja kukichukua. Lakini lazima mtu aseme.

Nikamuuliza, "Bibi Martha, siku ile ulipobatizwa, kesho yake hukuoga?"

"Ningeachaje kuoga."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Ubatizo ulitoka?"

Nikadhani atanifukuza na kigoda chake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kicheko cha bibi kizee, cha kimya kimya, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema, "Wewe mwanamke una mdomo kama panga." Halafu akaweka sharti lake. Ziwani atayapeleka kama kawaida. Baada ya hapo atayaleta yeye mwenyewe chumba cha kufulia cha hoteli, maji ya moto atayatia yeye, na hakuna mkono mwingine utakaoyagusa mpaka yakauke. Nikamwambia hata sufuria nitampa ya kwake peke yake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kamba ya kuanikia tuliifunga uani nyuma ya jiko, mbali na suruali za watu.

Kazi ya bwawa ilibaki kwetu. Fundi Mkuu alikuja, tukapunguza maji mpaka chini ya madoa, akakwangua ile saruji iliyoota mizizi akaitoa yote, akajaza mpya. Meneja alivua koti akashika brashi ya waya upande wa pili, akaongea kidogo hata kuliko siku zote. Tulisugua vidonge, tuliosha chujio, tulitia dawa nyingi tukafunga geti watu wasiingie. Kanisa likaja, likabatiza, likaondoka. Tukasubiri. Mvua zikapita, ukuta ukabaki wa buluu. Alhaji alikuja kutazama, akauliza kile kifusi nani amekileta, kana kwamba hajui, akaagiza kitandazwe pale magari yanapoegeshwa.

Nimestaafu sasa. Wanaonifuata wana mashine inayotembea yenyewe chini ya maji, na kipimo kinachosema namba bila matone. Vizuri. Mimi sina wivu na mashine. Ila nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii jambo moja nililoondoka nalo: doa likirudi mahali pale pale, usiongeze dawa tu. Nenda ukamtafute aliyelileta, na ukifika kwake, kaa kwanza, kunywa chai. Mara nyingi hakuleta kwa ubaya. Wengi wetu tunabeba vitu kutoka tulikoanzia, tumevikunja vizuri, bado vibichi.

Siku ya kuagwa walinipikia pilau, Meneja akasoma hotuba, nikapewa kitenge na redio. Wakaniuliza nataka nini kingine. Nikasema nataka kuingia kwenye maji. Miaka yote nilisugua nikiwa ukingoni, au ndani yakiwa yamepunguzwa; yakiwa yamejaa sijawahi kuingia, na kuogelea sijui hadi leo. Nikaingia upande wenye kina kifupi na gauni langu, mpaka kifuani. Juu wakaanza kupiga makofi na kuimba. Nikatembea taratibu nikishika ukingo, nyayo zinasoma sakafu. Ilikuwa safi, ngumu, inakwaruza kidogo kama ulimi wa ng'ombe. Kwenye pembe, chini ya bomba la kurudishia maji, kidole gumba kikateleza.

Nikawaambia wanyamaze. Nikamwita Mama Shabani, aliyekuwa anachukua nafasi yangu, aingie. Akasema amevaa nguo ya sherehe. Nikamwambia na mimi pia. Akaingia. Nikaushika mguu wake chini ya maji, nikauweka pale.

Akatulia, akasogeza kidole, akakirudisha. "Upo," akasema.

Ndipo nikatoka majini.