Nerima Nyuma ya Mzee Oreste

Kampala haina barabara iliyolala. Zote zimesimama, na zile ambazo hazijasimama zinateremka kwenda kutafuta zilizosimama. Ndiyo maana Nerima alipoambiwa kwamba kuna nchi ambako mtu hupanda baiskeli asubuhi akashuka mchana bila kukutana na mlima hata mmoja, alicheka, akasema basi huko hata nyanya yake, mgonjwa wa magoti kule Bungoma, angerudi na kikombe cha mshindi.

Alikuwa ameishi mjini miaka kumi na mmoja. Alikuja kumfuata mumewe, fundi umeme, na hakukaa mwezi kabla hajapata kazi yake mwenyewe kwa Fadhul, mwoka mikate wa Old Kampala. Kila alfajiri alifunga kreti nne za mkate kwenye karia ya baiskeli nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, akazisambaza duka baada ya duka kuanzia Lubaga hadi Kyebando kabla watu hawajachemsha chai. Vijana wa boda walimwuliza kila siku kama ni yeye anayebeba mkate au ni mkate unaombeba yeye. Aliwajibu kwamba kila mtu hubeba alichonacho, wao waendelee kubeba midomo.

Kwenye kilima cha Lubaga ndiko alikokutana na Ornella. Huyu alikuwa muuguzi Mwitaliano, Kiswahili chake amejifunzia Bukavu, baiskeli yake nyembamba unaweza kuinyanyua kwa kidole. Siku hiyo alikuwa akipanda kilima huku ulimi umetoka, mara akapitwa na mwanamke aliyevaa sketi, ndala na kreti nne za mkate. Alimfukuza hadi juu si kwa kutaka kumshinda, ila kumwuliza jina. Tangu hapo Nerima akawa anaendesha na kundi la Ornella siku za Jumamosi, kwa baiskeli ya kuazima, kila mwenye baiskeli mmojawapo anapougua. Alifikia kuwaombea wenzake malaria, Mungu amsamehe. Baiskeli iliyo yake hajawahi kuwa nayo. Ya mkate ilikuwa ya Fadhul, na ile aliyojifunzia utotoni ilikuwa ya kaka yake, ambaye hadi leo hajui.

Mwaka wa 2014 Ornella alirudi kwao kwa likizo, akamwita. Fadhul akatoa ruhusa ya siku kumi, akaahidi kusambaza mikate mwenyewe. Aliisambaza kwa gari, na bado akaja kulalamika mgongo.

Kwao Ornella ni uwanda wa mto Po, kaskazini mwa Italia, na mama yake, Bibi Ines, mjane, aliishi kwenye nyumba ya matofali kando ya mfereji. Ndani ya banda lake kulikuwa na baiskeli ya chuma ya mbio, bluu iliyochujuka, ya marehemu mumewe. Kila Septemba kijiji kilifanya msafara wa madaraja saba: kilomita mia na hamsini, kuanza saa moja asubuhi, na lango kufungwa saa nane kamili mchana. Anayechelewa huokotwa na gari la nyuma. Marehemu aliumaliza mara thelathini na moja. Tangu afariki, wapwa zake wawili walijaribu baiskeli hiyo hiyo, na wote wawili walirudishwa na gari, baiskeli imefungwa juu kama mbuzi wa sikukuu. Bibi Ines alichoka kuiona ikirudi hivyo. Akasema neno moja mbele ya wote: atakayeivusha madaraja saba kabla lango halijafungwa, ni yake. Asipopatikana mwaka huu, inaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nerima hakulala vizuri. Aliamka mara mbili kwenda bandani kuishika tu.

Asubuhi walitoka watu kama mia mbili, Nerima akiwa juu ya ile ya bluu. Ornella alimkabidhi kwa Mzee Oreste, rafiki wa marehemu, mwenye miaka sabini na mmoja, miguu mikavu kama mpini wa jembe, aliyeandamana na wazee wenzake wanne. Maagizo yalikuwa mafupi: kaa nyuma ya Mzee Oreste, gurudumu lako karibu na lake kiasi cha shubiri moja, usiondoke hapo.

Nchi yenyewe ilimshangaza. Tambarare, kana kwamba kuna mtu aliyeipiga pasi. Mahindi yamekauka shambani, miti mirefu imesimama kwa mistari kama wanafunzi wa paredi, mifereji imenyooka, na kwa mbali mnara wa kanisa ambao unaendesha nusu saa nzima na bado uko palepale unakutazama. Mlima haukuwepo, kweli. Ila hakuna aliyemwambia habari za upepo. Kampala ukipanda unalia, lakini ukishuka unapumzika na kujifuta. Huku hakuna kushuka. Upepo unakaa usoni tangu daraja la kwanza, na miguu haipewi hata dakika moja ya kuwaza mambo mengine.

Sasa, dawa ya upepo ni mgongo wa mtu. Kila mwendesha baiskeli anajua. Nerima naye alikuwa anajua, kwani Jumamosi hufanya hivyo nyuma ya vijana bila wasiwasi. Lakini huyu hakuwa kijana. Huyu alikuwa na mvi zilezile za baba mkwe wake kule Bungoma, ambaye Nerima hajawahi kumpa mkono, hajawahi kukalia kiti chake, na akimwona njiani huingia shambani kumpisha. Na mzee huyu alivaa kaptura nyeusi ya kubana, ya kubana hasa, iliyokuwa imemaliza siri zote. Kukaa nyuma yake shubiri moja maana yake ni kuyatazama makalio ya mzee, saa saba mfululizo, mchana kweupe.

Kwa hiyo akajitoa pembeni. Kwa adabu zake zote akaendesha upande wa kushoto, mita mbili kutoka kwao, uso chini, na upepo wote ukamla peke yake. Wazee wakampungia mkono arudi, naye akawapungia wao. Ornella, aliyekuwa mbele na kundi jingine, hakuona kitu.

Daraja la pili akavuka vizuri. La tatu akavuka akihema. Kufikia la nne, kilomita themanini na tano, saa tano asubuhi, mapaja yalikuwa yamegeuka mawe. Akatazama nyuma, akaliona gari jeupe limetulia barabarani, linakuja polepole, halina haraka, kama mtu anayejua chakula ni chake. Juu lilikuwa na vyuma vya kufungia baiskeli. Nerima akaanza kulia bila sauti, kwa sababu sauti ingepunguza pumzi.

Mzee Oreste ndiye aliyesimama. Akawasimamisha wenzake, akampigia Ornella simu arudi, na Ornella akarudi, ametota jasho. Mzee akazungumza kwa muda mrefu huku akijigusa kifua.

"Mzee anauliza kama ananuka," Ornella akasema.

"Mwambie hanuki. Mwambie ni rika la baba mkwe wangu."

"Sawa. Halafu?"

"Halafu siwezi kutazama makalio yake mpaka saa nane, Ornella. Nitawaambia nini watu wa kwetu?"

Ornella alishika ukingo wa daraja ili asiangukie mtoni. Alipomaliza kucheka akatafsiri, na Nerima akasubiri wazee wamcheke vilevile. Hawakucheka. Mzee Oreste alichomoa koti la mvua kwenye mfuko wa mgongoni wa fulana yake, la njano, akalifunga mikono kiunoni, likaning'inia nyuma hadi mapajani kama mama aliyejifunga leso kwenda kisimani. Kisha akageuka taratibu ili akaguliwe.

"Anauliza kama sasa amevaa vizuri."

Nerima akatazama. "Mwambie ashushe kidogo upande wa kushoto."

Mzee akashusha. Na wale wanne, bila kuambiwa, wakatoa yao, moja jekundu, moja la bluu na mawili ya rangi ya udongo, wakayafunga. Wakapanda baiskeli wote watano wakiwa na sketi, nao ni watu wenye wajukuu; Ornella akatangulia kulifuata kundi lake.

Nerima akaingia nyuma ya koti la njano, shubiri moja. Upepo ukakatika. Ulikatika kana kwamba mtu amefunga dirisha, hata akasikia cheni yake mwenyewe ikizunguka na vyura wa mferejini. Alikuwa hajui kwamba kuna ukimya ndani ya barabara. Kila baada ya dakika chache mzee mmoja alirudi nyuma na mwingine akaja mbele kupokea upepo, na kila aliyekuja mbele alijigusa kiunoni kwanza kuhakikisha koti lipo. Kwenye daraja la tano walisimama dakika tatu, akapewa kipande cha ugali wa njano uliokatwa kwa uzi, na siagi juu. Akala. Watu hawa, aliwaza, wamepika ugali wakaukata kwa uzi wa kushonea, na bado Mungu amewapa barabara nzuri.

Gari jeupe likapungua, likawa nukta, likapotea.

Kilomita kumi na tano za mwisho zilipita juu ya tuta la mto, mahali pa wazi kabisa, upepo ukirudi kwa hasira zote. Hapo ndipo mabega ya Mzee Oreste yalipoanza kucheza. Msuli wa paja ulikuwa umemkaza. Akawaashiria kwa mkono waende wamwache. Nerima aliwaangalia wale wengine, akaona midomo imekauka, akaelewa kwamba mikate yote aliyopandisha Lubaga kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa inamngoja hapa. Akalifunga koti lake la mvua kiunoni, kwa heshima ya watakaokuwa nyuma yake, akapita mbele.

Hakuna aliyempokea upepo. Yeye ndiye aliyekataa. Alikanyaga pedali kama anayepandisha kreti nne Jumatatu ya mvua, akigeuka tu kuona kama lile koti la njano bado lipo nyuma yake, na lilikuwepo. Daraja la saba walilivuka sita kwa mstari mmoja. Langoni saa ilikuwa nane kasoro dakika nne.

Bibi Ines hakumpongeza mtu. Aliwatazama wale wazee na sketi zao, akatikisa kichwa, kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, akachuchumaa na kufuta tope kwenye kile chuma cha bluu, kuanzia usukani hadi gurudumu la nyuma, bila kuruka spoki. Alipomaliza akaisukuma hadi ikamgusa Nerima tumboni.

"Yako," Ornella akatafsiri. "Anasema uitie mafuta cheni. Baba alikuwa anasahau."

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, kanisani Kyebando, Mchungaji Zéphyrin aliwaita wenye ushuhuda. Nerima alisimama. Alimshukuru Mungu kwa Ornella aliyemwona kilimani, kwa Fadhul aliyekubali kuchoka badala yake, kwa mjane aliyeamini mgeni, kwa ugali. Alipofika kwa mzee akasita. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyashukuru kwa jina lake kamili mbele ya madhabahu.

"Na namshukuru Mungu kwa mgongo wa Mzee Oreste," akasema, na machozi yakamtoka kweli.

Kanisa likaitikia amina. Mchungaji, mtu wa huruma, akainama kwenye maikrofoni akauliza huo mgongo ulikuwa na nini, ili waujumuishe katika maombi.

"Ulikuwa na koti, mchungaji," Nerima akasema, akaketi.