Mbio Alizozipenda Baba

Hadi leo nikinusa dawa ya kuchua misuli, ile kali inayochoma macho, narudi mara moja Cedar Hill, kusini mwa Dallas, sebuleni kwetu, mguu wangu ukiwa mapajani mwa mama. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa muuguzi, na kabla ya kwenda zamu alinichua muundi huku akiguna.

Chanzo cha mguu huo kuuma kilikuwa nchi yetu tu. Mwalimu wa michezo aliposikia tumetoka Kenya, macho yalimng'aa, akaniandikisha papo hapo kwenye mbio za nyika. Jamani, sisi ni Wataita! Kwetu watu hupanda milima taratibu, wakisimama kila kona kuamkuana. Lakini baba alifurahi kana kwamba nimeshashinda. Alininunulia raba nyekundu, akawa ananiamsha alfajiri kabla jua la Agosti halijakasirika, ananifuata polepole kwa gari, kioo kimeshushwa, akiita, "Mvumilivu hula mbivu, Wakesho!"

Nilivumilia msimu wa kwanza na wa pili, mbivu sikuziona. Kila shindano nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho kwa mbali. Muundi ulipoanza kuniuma nilimsihi mama asimwambie baba. Baba alikuwa akishinda amesimama kiwandani, na Jumamosi za mashindano ndizo nilizomwona akicheka.

"Basi utamwambia mwenyewe," mama alisema. "Lakini usikawie."

Nilikawia. Jumamosi moja, nyenje wakilia mitini, mguu ulikataa katikati ya uwanja. Niliendelea kwa kuchechemea. Wazazi wa wenzangu wakaanza kupiga makofi, yale makofi ya huruma, na hayo yaliniuma kuliko muundi. Nikamwona baba anakuja mbio kwenye nyasi na viatu vyake vya kazini. Nilidhani anakuja kunihimiza. Akanishika bega.

"Mguu umeanza lini?"

"Kitambo, Baba."

Akanibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa, hadi garini.

"Wewe unazipenda hizi mbio?" akauliza.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sijui.

"Basi anayezipenda ni nani?" Akafikiri, kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Ni mimi. Tuache, mama. Inatosha."

Nililia njia nzima. Niliamini nimemvunja moyo, na kwamba anayeacha ni mtu dhaifu.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba miaka hiyohiyo baba mwenyewe alikuwa akisomea uuguzi baada ya kazi, na kila muhula alirudia somo lilelile la kemia. Marafiki walimshauri aache, mama naye akamshauri. Hakuacha. Alipohitimu hatimaye, mvi zimemjaa, nilimuuliza mbona mimi alinitoa mapema hivyo na yeye akang'ang'ania.

Alikuwa anajaribu kuvua joho lake la mahafali.

"Wewe kila ukishindwa ulikuwa unaniangalia mimi," akasema. "Mimi nikishindwa nilikuwa naangalia pale nilipokosea."

Sasa nina mwanangu anayejifunza piano. Akikosea noti, huwa nasimama mlangoni nione macho yake yanaenda wapi.