Tuliwauliza Wakwe Pa Kukaa

Siku niliyoripoti kazini Mtwara, bosi wangu hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Alikuwa Afisa Maendeleo wa Wilaya, Mngoni mmoja mfupi mwenye sauti ya kwaya, na mimi nilikuwa Bibi Maendeleo mpya kutoka Usangi, Upareni, bado natapika safari ya meli.

"Najua," nikasema.

"Basi nusu ya kazi unaijua. Nusu nyingine ni kuwasikiliza watu mpaka wamalize. Hiyo huwashinda wengi."

Nikatabasamu kwa adabu, moyoni nalia. Enzi zile mtumishi akipangiwa Mtwara, ndugu zake walimuaga kama anayekwenda kufungwa. Mvua zikianza, barabara ilikuwa imekufa. Na joto lile, jamani! Kwetu maji hupita kwenye mfereji mbele ya mlango, migomba imekuzunguka, na asubuhi hutoki bila sweta. Mahali pazuri pa kuishi duniani nilikuwa napajua tayari, na ndiko nilikotoka.

Mume wangu, Baba Neema, ni Mpare wa Gonja, upande wa pili wa milima. Yeye alipata ukarani bandarini, tukapanga vyumba viwili Magomeni ya hukohuko Mtwara. Kila jioni akivua viatu alisema neno moja: "Hapa tunapita tu, Mama Neema. Nyumba itajengwa Gonja."

Vijana wengi siku hizi hawajui Bibi Maendeleo alikuwa mtu gani. Tulifundisha elimu ya watu wazima, tukahimiza vyoo, tukapika uji wa watoto mbele ya kina mama ili nao wakapike. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Msimbati. Nilisimama pale kwa kujiamini kabisa, nikawaeleza lishe bora watu wanaokula samaki kila siku ya Mungu. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakanifungia samaki niende nao nyumbani, maana walisema nimekonda.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Wilaya ikaunda timu za kuchagua maeneo. Yetu ilikuwa na Bwana Shamba wa kupima udongo, Bwana Afya wa kuangalia maji, mpima na mnyororo wake wa chuma na vigingi, na mimi wa kuhamasisha. Kuhamasisha ni kuwafanya watu wapende jambo ambalo limekwisha amuliwa.

Kiongozi wetu alikuwa Bwana Mipango. Kwake mahali bora pa kuishi palikuwa pale lori linapofika, basi. Tulimcheka chinichini mpaka siku moja, Landrova imekwama mchangani, akatuambia habari za dada yake. Alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakambeba kwa machela kuitafuta barabara, akafia njiani, yeye na mtoto. Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Yule baba alikuwa mkali, lakini hakuwa na roho mbaya.

Sasa, huko nyuma ya Mpapura kuna kijiji ambacho jina lake nitaliacha, wenyewe wapo. Tuliitisha mkutano wa wakuu wa kaya, yaani wenye nyumba, na kwetu sote mwenye nyumba ni mwanamume. Wakaja wanaume watupu, kofia safi kichwani. Bwana Mipango akawaonyesha tambarare kando ya barabara. Akauliza, "Mnapaonaje?"

"Pazuri, mzee."

"Mtahamia?"

"Tutahamia, mzee."

Wakapiga makofi. Hakuna aliyebisha hata kwa kukohoa. Bwana Mipango akanigeukia amefurahi: "Umeona watu waelewa hao?" Mpima akapigilia vigingi, mistari imenyooka, tukarudi mjini tunaimba.

Tuliporudi baadaye, vibanda vilikuwepo, vimefuata vigingi vizuri sana. Ila hakukuwa na mtoto, hakukuwa na kuku, wala mtwangio haukusikika. Wanaume watupu! Mmoja alikuwa amechuchumaa anajichemshia ming'oko, mizizi ya porini, masikini, kwenye debe.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Si kulekule tunakokaa," akasema, akapuliza moto.

Bwana Mipango alipandisha hasira mpaka miwani ikaingia ukungu. Mvua zilikuwa karibu. Mkoa ulikwisha kusema: Ijumaa malori yanakuja na mgambo, asiyehama atahamishwa, na nyumba ya zamani itabomolewa. "Mama Neema," akaniambia, "hao ni wanawake wenzio. Nenda kaongee nao. Sipendi kuona vyungu vya watu vinatupwa kwenye lori." Na kweli hakupenda, nilimwona usoni.

Nikapanda baiskeli nikaifuata njia ya mikoroshoni mpaka kwa Bibi Somoe, mama mzee ambaye kila mtu kule alimtaja nikiuliza lolote. Nikamkuta anamenya muhogo na mabinti zake. Nikaanza hotuba yangu. Akaniacha niimalize yote, kisha akauliza, "Mlipotafuta mahali, mlimuuliza nani?"

"Wakuu wa kaya, bibi."

"Wenye kofia?"

"Ndio."

Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. "Hadija, sikia! Wamewauliza wakwe!" Mabinti nao wakaangua kicheko, mmoja akaegemea ukuta. "Mwanangu, huku mwanamume huja kwa mkewe. Yule mzee wangu alifika hapa na panga na mkeka. Mikorosho ile ni ya mama yangu, ile pale ya dada yangu. Ukimuuliza yeye pa kukaa, atakwambia popote pazuri. Mgeni atachagua kitanda?"

Niliona aibu, halafu nami nikacheka. Timu nzima ya wasomi, na hakuna aliyejua tulikuwa tukiongea na wageni kuhusu nyumba ya watu.

"Na wewe, ungeambiwa uchague dunia nzima, ungekaa wapi?" bibi akaniuliza.

Nikamweleza Usangi, mfereji, migomba, baridi ya asubuhi. Nadhani nilisema sana, maana nilikuwa na hamu ya kwetu.

"Nani alikwambia ni pazuri?"

"Nimezaliwa pale, bibi."

"Basi tumeelewana," akasema. Kisha akauliza kwa upole, "Shamba lako huko liko wapi?"

"Sina. Ni la kaka zangu. Kwetu mwanamke akiolewa anakwenda kwa mume."

Akaacha kumenya. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto yatima. "Kumbe ni wewe usiye na pa kukaa," akasema, "na ndiwe waliyekutuma utuchagulie."

Yale maneno yaliniingia. Lakini hakuwa mtu wa kukuacha nayo. Aliinuka akanipeleka kwenye mwinuko mmoja, mikorosho yao huku, chemchemi chini yake, na barabara inaonekana kwa mbali. Walikuwa wanataka shule na zahanati, akasema, nani hataki? Wangehamia pale. Mwalimu wa madrasa alikuwa amekwisha soma dua, na yeye mwenyewe aliweka unga chini ya mti jana yake. Kwao unga ukiukuta asubuhi umetulia kama ulivyouweka, wazee waliotangulia wameridhia. Ulikuwa umetulia.

Nikarudi kwa Bwana Mipango. Mvua zilikuwa mlangoni, na mimi nataka ang'oe vigingi.

"Unataka nimwambie Mkuu wa Wilaya kwamba tuliwauliza watu wasiohusika?"

"Mwambie hatukumaliza kuuliza."

Akavua miwani akaifuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mzazi akizidiwa? Atabebwa mpaka barabarani?"

"Hilo kawaulize wao, mzee."

Alikwenda. Akasimama mbele ya wanawake wale, na badala ya hotuba akawaeleza habari za dada yake. Bibi Somoe akamwambia, "Pole, baba. Barabara yako tutailima sisi." Kesho yake asubuhi walishuka na majembe, watoto mgongoni, wakaanza kukata njia ya lori kutoka mwinukoni. Wanaume walipoona hivyo, walivunja vibanda vyao vya barabarani wakipiga vigelegele utadhani ndio wanawake. Ijumaa malori yalipofika, mgambo walikuta kazi moja tu, kupandisha miti ya kujengea. Hakuna chungu kilichovunjika.

Baada ya hapo nilifanya kazi wilaya nyingine, chini ya wakubwa wengine, wema na wakorofi. Kila kijiji nilichofika, niliuliza kwanza: hapa nani ni mkwe?

Nilipostaafu, Baba Neema alikuwa amemaliza nyumba yake Gonja, katikati ya kaka zake. Nyumba nzuri, sina ubaya nayo. Lakini nilikaa pale nikihesabiwa mke wa fulani, na Usangi nilikokuota miaka yote nilifikia kama mgeni, nikaandaliwa chai kwenye vikombe vya wageni. Nililia, nakwambia. Ndipo Hadija, binti wa Bibi Somoe, aliponitumia ujumbe: mama kabla ya kufa alisema yule wa baiskeli asikose kipande chake cha shamba pale mwinukoni.

Baba Neema alinuna. "Mwanamume mzima, nihamie kwa mke? Kwa Wamakonde?" Nikamwambia asihangaike, nikatangulia peke yangu. Msimu wa mabibo ulipoanza nilimwona anapandisha ile njia waliyoilima kina mama, begani ana mkeka, mkononi panga jipya. Sikumcheka. Nilimpokea mkeka.

Juzi kijana mmoja wa serikali alikuja, nadhifu, anataka kujua pa kuchimba kisima. Akanipita mlangoni, mimi mwanamke mzee, akaenda moja kwa moja kwa Baba Neema aliyekuwa anabangua korosho.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mkuu wa kaya?"

Baba Neema hakuinua hata macho.

"Marahaba. Mimi hapa ni mkwe tu, mwanangu," akasema. "Muulize mwenyewe."