Siku Tarmuji Alipobaki Chini ya Monas

Tarmuji ni jirani yangu, huu mwaka wa kumi na mbili. Ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba changu, huku Tangerang karibu na viwanda vya viatu. Alikuwa fundi wa nondo. Majengo marefu ya Jakarta unayoyaona ukiwa kwenye treni, matatu kati yake nondo zake amezifunga yeye na wenzake. Zamani ukisafiri naye alikuwa anakuonyesha kwa kidole: lile pale, na lile la vioo vya bluu, na lingine nyuma yake.

Siku hizi haonyeshi. Miaka mitatu iliyopita lifti ya saiti, ile ya kupandishia mafundi na saruji, ilikatika ikiwa ghorofa ya kumi na nne. Ilishuka ghorofa sita ndipo breki zikaikamata. Ndani walikuwa wanne. Rafiki yake Kasdi aligonga kichwa kwenye chuma, hakuamka tena. Tarmuji alivunjika mkono, ukapona. Msimamizi akamwita kazini mara mbili, na mara zote mbili alifika getini akageuka. Tangu hapo anaziba mapaa yanayovuja mtaani, nyumba za chini tu, na anawapeleka watoto shule. Mkewe Rumiyati ndiye anayeshona viatu kiwandani.

Watoto wao ni wawili, Wening wa miaka kumi na Bagas wa sita. Siku moja mwalimu wa Bagas aliuliza darasani nani amewahi kufika juu ya Monas, ule mnara mweupe wa katikati ya Jakarta wenye mwali wa dhahabu kileleni. Bagas akanyoosha mkono, akaulizwa kuna nini kule juu, akakosa la kusema. Alirudi nyumbani analia.

Jioni hiyo nilimsikia Rumiyati kupitia ukutani.

"Baba Wening, Jumapili mimi nina ovataimu. Wapeleke watoto Monas."

"Sawa. Tutazunguka bustanini, tutakula."

"Juu, Baba Wening. Mtoto anataka kufika juu."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Utaweza?" Rumiyati akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Ile si lifti ya saiti, Mama Wening. Pale hata wageni wa serikali wanapandishwa." Akacheka. Nilivyomfahamu, kile kicheko hakikuwa chake.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na mengine nimeyapata kwa Wening.

Jumapili waliondoka na treni ya kwanza, wakashuka kituo cha Juanda na kutembea. Foleni ya kupanda kileleni ilikuwa imeshajikunja mara tatu. Walisimama saa mbili nzima. Wakala wali na tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, alivyofunga Rumiyati, wakashushia kwa maji. Nyuma yao alikuwepo mama mmoja mnene wa mji wa Bandung, aliyeitwa Bu Yoyoh, na dada yake, na kwa muda ule wote wakawa kama ndugu.

"Ile dhahabu ni ya kweli?" Bagas aliuliza.

"Ya kweli," Tarmuji akajibu.

"Mbona hawaiibi?"

"Mwizi atafikaje kule?"

"Si anapanda lifti tu," Bagas akasema.

Bu Yoyoh alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanao huyu mchunge, kaka. Akikua tutamsikia kwenye habari."

Tarmuji naye alijitahidi kucheka. Aliniambia kwamba kufikia hapo alikuwa ameanza kuhesabu. Kila milango ya lifti ilipofunguka, anahesabu wanaoingia, kumi, kumi na mmoja, kisha anahesabu muda mpaka irudi. Akampa Wening simu yake, akidai awe anapiga picha, lakini ukweli ni kwamba alishaiangusha mara mbili.

Zamu yao ikafika. Bagas akakimbilia ndani, Wening akamfuata, Bu Yoyoh na dada yake wakaingia. Tarmuji akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Lifti ikapiga kengele ya uzito.

"Wa mwisho ashuke, mzee," kijana wa lifti akamwambia kwa adabu. "Ikirudi wewe ndiye wa kwanza."

"Nishuke mimi," Bu Yoyoh akasema. "Huu uzito si wa mwingine."

"Hapana, mama, kaa," Tarmuji akasema haraka, na alikuwa ameshatoka. "Niangalizie watoto. Nakuja."

Milango ikajifunga. Kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa nafuu, nafuu kubwa kama ya mtu aliyetua gunia. Halafu akakumbuka kwamba wanawe wako ndani ya kile chuma, na yeye hayumo.

Lifti ikarudi. Kijana akamwita. Tarmuji akapiga hatua mbili, akakwama. Anasema hakuona kizunguzungu wala hakupiga kelele. Alikuwa amesimama anatazama ile sakafu ya lifti, anaiambia miguu iende, na miguu haiendi. Watu wakampita. Lifti ikajaa, ikaondoka. Ikarudi tena. Mara ya nne kijana hakumwita; alimsogezea kiti chake mwenyewe.

"Ngazi hamna?" Tarmuji akauliza.

"Zipo, mzee, lakini ni za dharura. Siruhusiwi kukupitisha."

"Watoto wangu wako juu."

"Wako salama. Ngoja niulize." Akaongea na mwenzake wa kileleni kwa simu ya upepo, akasikiliza, akaishusha polepole. "Wapo. Yule mdogo anasema hashuki mpaka baba yake afike, amwonyeshe majengo aliyoyajenga."

Tarmuji akajaribu tena. Alifika kizingitini, akashika ukingo wa mlango, na watu kumi wakamtazama kutoka ndani wakisubiri. Mwanamume mmoja akasema, "Bwana, kama huingii tuachie twende." Hakukuwa na ubaya katika maneno yale. Tarmuji akauachia mlango.

"Waambie washuke," akamwambia kijana. "Waambie baba yao kasema hivyo."

Bagas alishuka macho yamevimba, kamshika Bu Yoyoh mkono. Hakumtazama baba yake. Wening alimpa baba simu na kusema tu, "Picha zimetoka vizuri." Bu Yoyoh alimsoma Tarmuji usoni, akaacha utani wote, akawaaga.

Kwenye treni Bagas alikuja kulegea, akaegemea bega la baba yake. "Mama alipiga simu tukiwa juu," akasema. "Dada kamwambia Baba yupo huko juu, kapanga foleni ya darubini."

Tarmuji akamgeukia Wening. Mtoto alikuwa anatazama nje ya dirisha, masikio yamemwiva. Baba alitaka kumwambia kwamba mama hadanganywi. Treni ikafika Tangerang, akawashika mikono wakashuka.

Nyumbani walimkuta Rumiyati ametangulia, amepika supu ya mkia wa ng'ombe, chakula ambacho pale hakipikwi ila sikukuu. Uso wake ulikuwa umechangamka kama msichana.

"Nilijua utaweza," akamwambia mumewe. "Nilimwambia hata msimamizi wako. Nimempigia mchana huu huu. Anasema nafasi ipo, Jumatano uripoti. Jengo lina ghorofa ishirini na mbili, mpaka mwakani hamjamaliza."

Wening aliinamia sahani yake. Bagas akafungua mdomo, dada yake akamkanyaga mguu chini ya meza, naye akaufunga. Tarmuji akasema, "Supu tamu, Mama Wening," akala mpaka mwisho.

Jumatatu alikuja kukaa kibarazani kwangu na kunieleza yote. Nikamwambia amwambie mkewe. Akasema, "Nimwambie nini? Mwenyewe sijui ni nini." Jumanne jioni nilimsikia anajaribu, maneno mawili matatu, anakatika, anaanza upya. Rumiyati hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu: "Na Wening alijua nitafurahi?"

"Ndiyo maana alisema vile," Tarmuji akajibu.

Kisha nikamsikia Rumiyati kwenye simu, anamwambia msimamizi kwamba mumewe ana homa kali, asimwekee nafasi, samahani sana, mkubwa. Alipokata simu alilia, na Tarmuji nadhani alikuwa amekaa kando yake, maana kitanda kililia mara moja tu na hakikulia tena.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tarmuji aliazima ngazi yangu fupi, akaenda kuziba paa la bibi wa nyumba ya tatu.