Mama na Treni Yake ya Mvuke

Juzi katika soko la Baraka, mama mmoja anayekausha samaki kwa moshi alitaka kununua treni ndogo ya mvuke, ya zamani, ndefu kama mkono. Uani kwake ameshaitengenezea reli.

"Mama, lete kwanza bwana yako," muuzaji akasema. "Mashine haiuzishwe kwa mwanamuke."

Mimi niliyesimama karibu nilitaka kumjibu. Mama aliichukua ile treni. Akaitia maji, akaomba makaa ya moto kwa muuza mahindi ya kuchoma, akayaweka ndani, akapuliza taratibu kama anavyopuliza moto wa samaki wake. Ghafla magurudumu yakazunguka, filimbi ikalia, na soko zima tukakimbilia pale!

Mama alipolipa, muuzaji akanyenyekea: "Mama, washa tena kidogo, na mi nione."

"Lete kwanza bibi yako."

Mimi kwenye midahalo ya chuoni hupewa dakika tano kujibu hoja. Yeye alitumia maneno manne.