Piano Isiyo na Kitufe

Mjukuu wangu aliizunguka piano ile akitafuta waya wa umeme. Tulikuwa Mwadui, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi, na mlinzi aliyetufungulia alikuwa akicheka mlangoni.

"Babu, inawashiwa wapi?"

Nikamwambia haiwashwi, inapigwa tu. Nami nikacheka. Sikucheka tena wiki ile.

Mtihani wake wa kwanza wa piano ulikuwa Jumamosi iliyofuata, Mwanza. Shule moja ya bweni huko ilikuwa tayari kumpokea na kumfundisha muziki, ila lazima afaulu kwanza. Mwalimu wake nilikuwa mimi, niliyepiga kinanda cha kwaya kanisani kwa miaka mingi. Mama yake, binti yangu anayepika katika kambi ya mgodi Bugarama, alitaka kutafuta mtu aliyesomea. Nilimkatalia kwenye simu. Kinanda ni kinanda, nilisema, na nilijisikia vizuri kusema hivyo.

Nyumbani kwetu Kambarage tulikuwa na kinanda cha umeme kilichostaafishwa na kwaya pamoja nami. Nilimfundisha kama nilivyozoea mwenyewe: doh, sauti inayoanza ngazi, ikae daima mahali pamoja, pale ambapo vibonyezo vyeupe vinatosha wimbo mzima. Kwaya ikitaka wimbo upandishwe, unabonyeza kitufe, sisi wapiga kinanda tunakiita transpozi, na mashine yenyewe inapandisha sauti. Vidole havihami. Wengi wetu tumezeeka hivyo, na hakuna muumini aliyewahi kulalamika.

Basi pale Mwadui, nilikompeleka azoee piano halisi kabla ya mtihani, nikamwambia apige ngazi ya G, iliyo ya kwanza kwenye kitabu cha mtihani. Akaipiga bila kukosea, doh hadi doh ya juu, vyeupe vitupu. Kisha akanigeukia.

"Sauti iko chini, guku." Huniita hivyo, kwa Kisukuma chetu, akiwa na shida. "Kitufe kiko wapi?"

Piano haina kitufe. Ngazi ya G inaanzia kwenye kibonyezo kingine kabisa, na te yake, sauti ya saba, ni kibonyezo cheusi, ambacho mtoto huyu hakuwahi kukigusa. Hayo niliyasoma ujanani, nikayaacha kwa sababu kitufe kilikuwa rahisi.

Nilitaka kumwambia piano ile ni mbovu. Ilikuwa na vumbi la kutosha, na mlinzi angeniunga mkono. Mtoto angeniamini, halafu Jumamosi angekaa mbele ya mtahini akitafuta kitufe. Nikavuta kiti karibu yake.

"Piano iko sawa. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya."

Hakulia. Aliuliza kama mama yake anajua. Nikasema bado. Akarudisha vidole kwenye vibonyezo.

"Basi nionyeshe hicho cheusi."

Nyumbani nilikifunika kitufe kwa plasta ya kidonda. Kila siku alipotoka shule tulikaa, na kila siku mkono wake ulirudi kule nilikouzoesha, kama ng'ombe anayerudi zizi la zamani. Akipata mara moja, mara ya pili anakosa. Chakula kilinishinda. Nilipompigia mama yake na kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba, si ungesema tu hujui," alisema.

Jumamosi nilibaki nje ya mlango wa chumba cha mtihani. Kulikuwa na benchi, sikuweza kulikalia. Nilimsikia mtahini akisema jambo kwa upole, kisha nikasikia doh. Ilikuwa mahali pake. Re, mi, fa, so, la. Halafu te ya kibonyezo cheupe, ile yangu, ikalia vibaya mle ndani, na baada yake kimya.

Nilishika kitasa cha mlango. Sijui nilitaka kufanya nini nacho.

Kisha kikasikika kibonyezo cheusi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayepiga hodi nyumba asiyoijua, na doh ya juu ikafuata. Akaanza kushuka. Nilisubiri pale pale penye te, na akapita bila kusita.

Nikasikia mtahini akifungua ukurasa. Nyimbo zote zilikuwa bado mbele yake. Nikaachia kitasa, nikakaa kwenye benchi.